Kazi ya Duka Kubwa la Vichezeo, na Deni Lililolifunga



Vijana wetu wakifika Marekani, wengi huanza na kazi ya duka. Wanapiga simu nyumbani na kusema wameandikwa mahali pa kuuza vitu vya watoto, na sisi huku tunacheka kidogo. Kuuza midoli, hiyo nayo ni kazi? Katika toleo hili tumeona tueleze kazi hiyo ni ya namna gani, na hasa yaliyowapata wafanyakazi wa Toys "R" Us, duka la vichezeo lililojulikana kuliko mengine yote kule. Ndani ya habari hii kuna jambo la mkopo ambalo kila kikundi kinafaa kulielewa.

Duka hili lilianzia padogo. Mwaka 1948 kijana aliyekuwa ametoka vitani, Charles Lazarus, alianza kuuza vitanda vya watoto mjini Washington, mahali ambapo baba yake alikuwa akitengeneza baiskeli. Wateja wakamwuliza kama ana vichezeo. Akaona jambo ambalo mama yeyote wa sokoni angeliona: kitanda hununuliwa mara moja na kutumiwa na watoto wote wanaofuata, lakini kichezeo huvunjika na mzazi hurudi kununua kingine. Mwaka 1957 akafungua duka la vichezeo peke yake, ambapo mteja huchukua toroli na kujichagulia kwenye rafu. Jina lake, yaani kama kusema "vichezeo ndio sisi", liliandikwa na herufi R iliyogeuzwa nyuma, vile mtoto anayejifunza kuandika hukosea. Alama ya duka ilikuwa twiga, jina lake Geoffrey. Ndiyo, twiga wetu huyu huyu.

Sasa fikiria jengo kama ghala, rafu zikipanda juu kabisa kuliko mtu anavyofika, na mfanyakazi mwenye sare katikati. Nyuma kuna mlango wa malori. Maboksi yanashushwa, yanafunguliwa, vitu vinapelekwa kila kimoja mahali pake. Baiskeli huja vipande vipande na lazima mtu aziunge. Michezo ya video ni ya bei, kwa hivyo kwa miaka mingi haikuwekwa wazi: mteja alichukua kijikaratasi, akalipa kwa keshia, halafu akangojea kwenye chumba kilichofungwa aletewe mali yake. Na kule mbele, keshia hakupokea pesa tu. Alipaswa kumwuliza mteja kama ana betri za kichezeo hicho, maana mtoto akifungua zawadi isiyolia wala kutembea, siku yote imeharibika.

Kazi yenyewe ni ya kusimama. Unapanga njia moja ya rafu hadi inang'aa, unageuka, watoto wawili wanapita, na wanasesere wako chini tena. Huwezi kumkaripia mtoto wa mteja. Mtoto mwingine analala sakafuni akilia kwa sababu ameambiwa hapana, mama yake ameaibika, na wewe lazima utabasamu. Tena kuna siku mfanyakazi alivaa vazi zito la twiga, kichwa na yote, awasalimie watoto. Si mchezo, ingawa ni duka la michezo.

Mshahara? Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na kimekaa hapo tangu 2009, ingawa majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi. Lakini jambo linalowasumbua watu wa maduka zaidi ni saa zenyewe. Wengi hawaandikwi kwa saa 40 za wiki nzima. Wiki hii unapewa saa 30, wiki ijayo 16, na kodi ya nyumba haijui habari hiyo.

Halafu inakuja Krismasi. Zaidi ya asilimia 40 ya mauzo ya mwaka mzima ya Toys "R" Us yalipatikana katika miezi ya mwisho tu. Ni kama mkulima mwenye mvua moja. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza kwamba itaandika vibarua 45,000 wa msimu huo, na maduka yakafunguliwa saa kumi na moja jioni siku ile ile ya sikukuu ya Shukrani, wakati familia za Marekani huketi pamoja kula. Mfanyakazi aliacha chakula mezani akaenda kufungulia wateja waliopanga foleni. Januari ikifika, vibarua wengi wanaambiwa asante.

Pamoja na hayo watu wengi walikaa humo miaka 20, hata 30. Waliwauzia wazazi, kisha wakawauzia watoto wa wale watoto. Tunasema hivi kwa sababu ni rahisi kudhani kazi ya duka hufanywa na watu wa kupita tu.

Basi tuje kwenye mkopo. Mwaka 2005 kampuni tatu za wenye mitaji, Bain Capital, KKR na Vornado, zilinunua Toys "R" Us kwa dola bilioni 6.6. Pesa zao wenyewe zilikuwa kama bilioni 1.3. Zilizobaki zilikopwa, na deni likaandikwa kwa jina la kampuni iliyonunuliwa.

Hebu tulieleze hili polepole. Chukua kikundi chenye mashine ya kusaga unga. Anakuja tajiri anataka kuinunua. Anatoa pesa kidogo mfukoni, nyingine anakopa benki, lakini karatasi ya mkopo inasema atakayelipa si yeye, ni mashine. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi mashine inasagia benki kwanza. Mkanda ukikatika, hakuna pesa ya kununua mwingine. Jirani akileta mashine mpya yenye kasi, huwezi kushindana naye. Na ikifika siku ya kushindwa kulipa, inayouzwa ni mashine, na anayekaa bila kazi ni yule msagaji.

Ndivyo ilivyokuwa. Riba peke yake ilikula karibu dola milioni 400 kwa mwaka. Ni kweli mashindano yalikuwepo: Walmart ilikuwa imeipita kwa mauzo ya vichezeo tangu 1998, na baadaye watu wakaanza kununua kwa intaneti kupitia Amazon. Lakini duka linalolipa riba ya namna hiyo litapata wapi pesa za kukarabati majengo yake, kupunguza bei, au kuongeza watu wa kuhudumia? Septemba 2017 kampuni ilikwenda mahakamani kuomba kulindwa dhidi ya wadai. Siku chache kabla ya hapo wakubwa wake walikuwa wamelipwa bonasi ya takriban dola milioni 8.

Machi 2018 likaja tangazo la kufunga maduka yote ya Marekani, zaidi ya 700. Mzee Lazarus alifariki wiki moja baadaye, akiwa na miaka 94. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 walibaki kuuza kila kitu, hadi rafu zenyewe, na mwisho wa Juni milango ikafungwa. Malipo ya kuachishwa kazi hawakupewa. Sheria ya nchi yao ilidai notisi ya siku 60 kwa kampuni kubwa, lakini haikudai malipo kwa miaka ya utumishi.

Hapa ndipo wanawake kwa wanaume waliokuwa wakipanga rafu walifanya jambo. Walitafutana, mji huu na mji ule, wakaungana, wakaenda hadi kwenye ofisi za wale wenye mitaji. Walisema wanadai dola milioni 75. Pia walikwenda kwenye mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, kwa sababu pesa za mifuko hiyo ndizo kampuni kama KKR huzungusha. Mfuko wa jimbo la Minnesota, ambako wanaishi Wakenya wengi, ulisimamisha kwa muda kuweka pesa mpya KKR. Novemba 2018 KKR na Bain zikatoa dola milioni 20. Ukigawanya sawa kwa watu 30,000, ni kama dola 660 kwa kila mtu. Kwa aliyefanya kazi miaka 25 si kitu, na wenyewe walisema hivyo. Lakini hapo mwanzo walikuwa wameambiwa hakuna hata senti.

Hawakuishia hapo. Makao makuu ya kampuni yalikuwa New Jersey, na jimbo hilo likapitisha sheria mwaka 2020, iliyoanza kutumika Aprili 2023: mwajiri mkubwa akifuta watu wengi pamoja, amlipe kila mmoja mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka aliofanya kazi.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema anayefutwa kwa sababu kazi imepungua alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza, pamoja na notisi ya mwezi mmoja au malipo yake. Hii ni zaidi ya wiki moja ya New Jersey. Kwa hivyo kama kuna mwanakikundi ambaye kijana wake ameachishwa kazi ya duka mjini kwa sababu hiyo, amwambie aende kwa ofisa wa kazi na barua yake ya kuandikwa na karatasi za mshahara. Kama hana barua, aende na tarehe alizoanza na kumaliza, na majina ya waliofanya kazi pamoja naye.