Penseli ya Mtoto Wako Ilitoka Wapi?
Habari ya ukoo wa seremala uliojifunza kupanda miti

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Jioni ya leo, mama, mtoto wako akikaa karibu na taa kuandika hesabu zake, itazame penseli iliyo mkononi mwake. Ni kijiti tu cha bei ndogo, kikivunjika tunanunua kingine. Lakini ndani yake mna habari ya ukoo mmoja na kosa lao kubwa, na jinsi walivyolirekebisha. Habari hiyo yatufaa sisi wa mashambani, maana sisi nasi tunaishi kwa miti na kwa kazi ya mikono.

Kwanza, inatengenezwaje? Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, lakini risasi haimo. Ule weusi ni jiwe laini liitwalo grafiti, linalosagwa na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha kuchomwa motoni kama chungu. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi sana. Halafu fundi huchukua kibao chembamba chenye mifereji, hulaza vijiti vile ndani yake, hufunika kwa kibao cha pili chenye gundi, na mashine huvikata vipande vipande. Basi, bila mti hakuna penseli.

Seremala wa Stein

Katika kijiji cha Stein, karibu na mji wa Nürnberg katika Ujerumani, aliishi seremala mmoja jina lake Kaspar Faber. Mwaka 1761 alianza kutengeneza penseli kwa kazi yake mwenyewe. Mwanawe akamfuata, na mjukuu baada yake.

Mwaka 1839 karakana iliangukia mikononi mwa kitukuu, Lothar Faber. Alikuwa kijana wa miaka 22, na wafanya kazi wake walikuwa wapatao ishirini tu. Penseli za Ujerumani wakati ule zilikuwa na sifa mbaya. Lothar akakata shauri kutengeneza zilizo bora na kuzitia jina la nyumba yake, ili kila mnunuzi ajue nani wa kulaumiwa zikiwa mbaya. Ndugu msomaji, jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu atiaye jina lake juu ya kazi yake amejifunga.

Wala hakuwasahau waliomfanyia kazi. Mwaka 1844 uliwekwa mfuko wa wagonjwa, ili mfanya kazi akiugua asibaki mikono mitupu. Mwaka 1851 ikafunguliwa shule ya watoto wadogo wa wafanya kazi, mojawapo ya za kwanza katika Ujerumani. Kukajengwa na nyumba za kukaa. Labda utasema: tajiri alijitafutia faida. Naam, mfanya kazi mwenye afya, ambaye mtoto wake yu mahali pa salama, hufanya kazi vizuri. Lakini matajiri wengi wa siku zile walilijua hilo, na hawakufanya kitu.

Msitu uliokwisha

Sasa tusikie kosa lenyewe. Mti uliopendwa kwa penseli ulikuwa mwerezi mwekundu wa Marekani, maana mbao zake ni laini na huchongeka bila kupasuka. Mdogo wake Lothar, aitwaye Eberhard, alihamia New York, na huko Cedar Key, katika Florida, alipata mashamba ya mierezi na kujenga kiwanda cha kupasua mbao. Wengine nao wakaja. Wote wakakata, wala hawakupanda vya kutosha. Kabla karne ya 19 haijaisha, mierezi mikubwa ya pale ilikuwa imekwisha. Mwaka 1896 tufani kubwa ikavipiga viwanda vya Cedar Key, na kazi ile haikuinuka tena.

Hata kwetu mambo kama hayo yametokea. Juu ya milima ya Usambara, huko Shume, Wajerumani walikata miti ya mwangati, ambayo ni ndugu wa mwerezi ule na hufaa kwa penseli. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walijenga njia ya kamba za chuma ya kuteremshia mbao mpaka Mkumbara, kwenye reli. Mwangati hukua polepole sana. Mtu huuangusha kwa siku moja, na mjukuu wake hauoni mwingine wa namna ile.

Lothar mwenyewe aliona hatari mapema. Alipanda mierezi ya Marekani katika shamba karibu na Stein. Lakini shamba dogo haliwezi kulisha kiwanda kikubwa.

Mjukuu wa kike, na mtu wa ukoo wa nane

Mwana wa pekee wa Lothar alikufa mwaka 1893, na mzee mwenyewe mwaka 1896. Je, nyumba ivunjike? Hapana. Mali ikamfikia mjukuu wake wa kike, Ottilie. Mwaka 1898 aliolewa na bwana wa ukoo wa Castell, lakini jina la Faber halikuachwa. Ndiyo maana kampuni ikaitwa Faber-Castell. Wako kwetu wanaodhani kwamba binti hawezi kushika kazi ya baba. Kama watu wa Stein wangalidhani hivyo, habari yetu ingaliishia hapa.

Mwaka 1978 Anton Wolfgang, mtu wa kizazi cha nane, alishika uongozi. Alikuwa akifanya kazi ya benki katika nchi za nje, akarudi nyumbani. Katika miaka ya 1980 kampuni ilianza kupanda misonobari huko Prata, katika jimbo la Minas Gerais, Brazili, juu ya ardhi ya kichanga. Shamba lilifika hekta karibu 10,000, yaani ekari zipatazo 25,000. Wanapanda, wanavuna kwa zamu, na wanapanda tena.

Msonobari si mti wa asili wa nchi ile, na shamba la mti wa aina moja si msitu. Kwa hiyo sehemu kama moja kati ya tatu iliachwa na mimea yake ya asili, ili ndege na wanyama wapate makao. Mwaka 1999 shamba lilipata hati ya watu wa nje wanaokagua utunzaji wa misitu. Na mwaka 2000 kampuni ilifanya mapatano na chama cha wafanya kazi cha Ujerumani: watoto wasiajiriwe, wafanya kazi wawe na uhuru wa kuunda vyama, na viwanda vyake vya nchi zote vikaguliwe.

Bwana huyo alifariki mwaka 2016. Mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza, uongozi ulipewa mtu asiye wa ukoo. Nalo ni funzo: mali ya nyumba yaweza kubaki, na usukani akapewa anayejua kuushika.

Nasi je?

Wengi kwetu wana karakana ya seremala, tanuru la matofali au mashine ya kukamua alizeti. Baba, umewahi kuketi na mkeo na watoto wako, wa kiume na wa kike, mkaulizana mambo haya? Kijana anayetusaidia akiugua, nani atamlisha? Kila mti tuuchomao katika tanuru, tumepanda mingapi? Nikifa leo, nani anajua hesabu za kazi hii?

Maswali hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji jioni moja, daftari na penseli. Na mvua zikianza, weka kitalu cha miche nyuma ya nyumba. Utakayeupanda mti ni wewe. Atakayeupasua mbao ni mtoto yule anayeandika hesabu karibu na taa.