Dresaji ya magharibi: Mchezo wa farasi unaobebwa na klabu za majimbo

FARASI na mpandaji wake huingia kiwanjani peke yao, husimama, mpandaji humwamkia jaji kwa kuinamisha kichwa, kisha huanza mfululizo wa mizunguko na miondoko iliyopangwa kabla. Kwa mtazamaji wa kawaida, hiyo ni dresaji ileile ambayo imekuwa ikishindaniwa katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1912.

Tofauti huonekana mgongoni mwa farasi. Tandiko ni lile zito la wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani, lenye pembe ya mbele ya kufungia kamba.

Huo ndio mchezo unaoitwa dresaji ya magharibi. Chama chake cha kitaifa, Western Dressage Association of America, kiliundwa mwaka 2010, na mwaka 2013 kikatambuliwa na shirikisho la michezo ya farasi la Marekani.

Asili yake ni ya zamani zaidi. Wahispania walipeleka Mexico na baadaye California ufundi wa kumfundisha farasi wa kuchungia ng'ombe, ambaye ilimpasa kutii mguso mwepesi wa hatamu, kwa kuwa mkono wa pili wa mpandaji ulikuwa na kamba.

Miondoko ya msingi ni mitatu: hatua za kawaida, mchakamchaka ambao miguu ya mshazari hugusa ardhi pamoja, na shoti ya taratibu. Farasi wa kila kizazi hukubaliwa, na hata baghala, mtoto wa punda na farasi, ambaye katika mashindano mengi hana nafasi.

Lakini kinachowavuta wengi ni karatasi ya alama. Katika mashindano mengine kadhaa ya mtindo wa magharibi, farasi huzunguka uwanjani kwa kundi, jaji huwapanga kwa kuwalinganisha, na aliyeshindwa huondoka bila kujua kosa lake. Katika dresaji, kila tendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, pamoja na maneno machache ya jaji: duara halikuwa duara, farasi aliharakisha, mkono ulivuta mno. Jumla hutolewa kwa asilimia.

Kwa hiyo mtu anaweza kushika nafasi ya mwisho na bado akarudi nyumbani ameridhika, iwapo asilimia yake imepanda kuliko mara iliyopita.

Aidha, karatasi hiyo humlinda mnyama. Farasi anayefungua kinywa kukwepa lijamu, au anayepunga mkia kwa hasira, hupoteza alama, kwa sababu jaji hutakiwa kupima pia maelewano baina yake na mpandaji. Si jambo dogo katika fani ambayo kwa miaka mingi imelaumiwa kwa kuwalazimisha farasi kuinamisha vichwa kupita kiasi ili wapendeze.

Tatizo ni umbali. Mashindano makubwa ya chama hicho yamekuwa yakifanyika Oklahoma, na mkulima mwenye farasi mmoja katika jimbo la mbali hawezi kumsafirisha kwa trela kila mara. Hapo ndipo klabu za majimbo zinapoingia.

Klabu hukodi uwanja, humlipa jaji, huandaa mafunzo ya siku moja au mbili na mashindano madogo ya kujipima. Kazi nyingi hufanywa na wanachama kwa kujitolea: mmoja husoma kwa sauti hatua zinazofuata ili mpandaji asipotee njia, mwingine huketi kando ya jaji kama karani na kuandika kila neno analotamka. Karani huyo, pengine, ndiye anayejifunza zaidi ya wote siku hiyo.

Wapo pia wanaoshindana kwa video. Mpandaji hupigwa picha akifanya zoezi zima bila kukatizwa, huituma, na karatasi ya alama humrudia nyumbani. Njia hiyo imewafaa walio mbali kabisa. Hata hivyo, farasi aliyezoea uwanja wa nyumbani pekee huweza kugutuka mbele ya bendera na makofi ya watu, na ugonjwa huo video haiutibu. Ndiyo maana klabu zinaendelea kukodi viwanja.