Kusi ya Queensland: kwenda ni rahisi, kurudi je?

Tunaishi Toongabbie, kitongoji kilicho magharibi ya jiji la Sydney, Australia. Huku kwetu miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo kipupwe. Kuna asubuhi joto hushuka chini ya nyuzi 5, na watu wanaosubiri treni hutoa mvuke mdomoni kama wavutao sigara. Ni katika miezi hiyo hiyo ambapo wenyeji wenye mashua ndogo za matanga hung'oa nanga na kuelekea kaskazini, jimbo la Queensland, kutafuta maji ya joto. Huku kusini mwa dunia, anayekimbia baridi hukimbilia kaskazini.

Msimu mmoja wa baridi jirani yetu, fundi mstaafu mwenye mashua ya urefu wa mita 10, alitualika watu watatu tuungane naye kwa wiki mbili, kutoka mji wa Gladstone hadi Airlie Beach. Tulikubali kabla hajamaliza kusema. Lakini kwa desturi zetu mtu hasafiri bila kuaga wakubwa. Tulikwenda kwa mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Pemba, aliyevua samaki ujana wake wote kabla ya kuwafuata wanawe huku.

"Shikamoo mzee. Tumekuja kukuaga, tunakwenda baharini."

"Marahaba wanangu. Mwezi wa saba mnakwenda baharini? Kusi mmeisahau?"

Tukamweleza kwamba huko tuendako, kusi ndiyo inayompeleka mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Haya. Kusi ikikupiga mgongoni ni rafiki. Kwenda mtakwenda. Je, mtarudije?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Upepo mmoja, pwani mbili

Wakati wa kipupwe, hewa yenye mgandamizo mkubwa hukaa juu ya Australia, karibu na latitudo 30 kusini. Hewa hiyo hutiririka kuelekea ikweta, na kwa kuwa dunia inazunguka, hupindishwa upande wa kushoto. Matokeo yake ni upepo wa kusini-mashariki unaovuma pwani ya Queensland takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, mara nyingi kwa kasi ya kilomita 30 hadi 45 kwa saa.

Bahari ya Hindi nayo ina mambo hayo hayo. Mgandamizo mkubwa ulio kusini, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion, husukuma upepo wa kusini-mashariki mpaka pwani ya Tanzania na Kenya. Ukishavuka ikweta, upepo huo hupinda na kuelekea Arabuni na Bara Hindi. Huo ndio wazee wetu walioupa jina la kusi. Kwa hiyo mwezi Julai, mvuvi wa Nungwi anapoivuta ngalawa yake juu ya mchanga kwa sababu bahari imechafuka, nahodha wa Sydney aliyefika Queensland anatweka tanga kwa furaha. Upepo wao ni wa aina moja, ila pwani zao hazifanani.

Tofauti kubwa ni mwamba. Great Barrier Reef, mwamba wa matumbawe wenye urefu wa kilomita 2,300 hivi, huanzia karibu na latitudo 24 na kupanda kaskazini. Huyapokea mawimbi makubwa ya bahari kuu na kuyavunja, kama ule mwamba wa Paje na Bwejuu unavyofanya upande wa mashariki wa Unguja. Ndani yake, kati ya mwamba na bara, upepo ni wa kutosha lakini wimbi ni dogo kuliko nje. Hapo ndipo mashua ndogo hupata raha yake.

Kutoka kijito cha Toongabbie

Toongabbie haina bahari. Tuna kijito tu, ambacho hukutana na kijito cha Darling Mills na kuwa mto Parramatta, na mto huo humwaga maji yake katika bandari ya Sydney. Kutoka mdomo wa bandari hiyo hadi visiwa vya Whitsunday ni zaidi ya maili 900 za bahari. Mashua kama ya jirani yetu huenda maili 5 hivi kwa saa. Fanya hesabu: ni saa 180 za kusafiri, na ukitembea mchana tu, saa 8 kwa siku, utatumia zaidi ya siku 22 bila kuhesabu siku za kungoja hali ya hewa. Ndiyo maana wengi huchukua mwezi au miwili.

Jirani yetu alituambia kwamba kipande cha kwanza, pwani ya New South Wales, ndicho kigumu. Hapo kuna mkondo mkubwa wa bahari unaotiririka kwenda kusini, kinyume na safari, kwa hiyo manahodha huambaa karibu na nchi kavu kuukwepa. Husubiri upepo wa magharibi unaokuja nyuma ya baridi kali. Upepo huo hutoka bara, kama umande wa kwetu, hivyo maji ya karibu na pwani hutulia. Tena bandari nyingi za huko ni midomo ya mito yenye mafungu ya mchanga, na kuingia wakati maji yanatoka na wimbi linaingia ni kujitafutia maafa.

Sisi tulipanda Gladstone, kazi hiyo ikiwa imekwisha kufanywa.

Siku zetu melini

Tulilala mara ya kwanza kisiwa cha Great Keppel, halafu tukapanda kaskazini, kila siku hatua moja. Mchana tulivaa fulana, huku jamaa zetu wakituandikia kutoka Toongabbie kwamba wamewasha hita. Tulipika ugali juu ya jiko la gesi lenye moto mmoja, sufuria ikiwa imebanwa isiteleze. Maji ya kunywa yalipimwa kwa kikombe. Nguo tulizifua kwa maji ya chumvi, na aliyelalamika alikumbushwa kwamba ndivyo mabibi zetu walivyoishi visiwani wakati wa ukame.

Kuvua kunaruhusiwa, ila si kila mahali. Tangu mwaka 2004 karibu theluthi moja ya hifadhi hiyo ya bahari ni marufuku kuvua, na nahodha hutazama ramani kabla hajatupa mshipi. Kuogelea nako kuna masharti. Kuanzia eneo la Gladstone kwenda kaskazini ni nchi ya mamba wa maji ya chumvi, kwa hiyo mtu haingii kwenye vijito vya mikoko hata maji yakiwa yanavutia namna gani.

Jambo lililotushangaza zaidi ni maji kupwa na kujaa. Sisi tulizoea bamvua la Zanzibar na Dar es Salaam, ambalo ni kama mita 4. Upande wa Mackay tofauti hiyo inaweza kupita mita 6. Ukitia nanga bila kuhesabu, usiku utaamka chombo kimelala ubavu.

Halafu nyangumi. Hutoka bahari ya barafu kusini, hupita mbele ya Sydney mwezi Juni na Julai, wakaenda kuzaa katika maji ya joto ya Queensland. Ndugu zao hufika Watamu na Zanzibar miezi hiyo hiyo. Tulimwona mmoja akiruka na kuanguka kwa kishindo, nasi tukakaa mbali naye zaidi ya mita 100, kama sheria inavyotaka. Hao hawana kalenda ukutani, lakini hawakosei msimu.

Siku mbili za Percy

Tulipofika kisiwa cha Middle Percy, redio ilitangaza onyo la upepo mkali. Nahodha akasema hatuondoki. Mmoja wetu alikuwa na zamu kazini Jumatatu, na kukosa zamu ni kukosa mshahara. Tulimsihi sana mzee wa watu. Tulimwambia mashua ni imara na upepo unatoka nyuma. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwamba chombo chake hakijui Jumatatu ni nini. Akatukumbusha maneno ambayo idara ya hali ya hewa ya Australia huyaweka katika utabiri wake wa bahari: upepo unaweza kuvuma ghafla kwa asilimia 40 zaidi ya kasi iliyotajwa, na wimbi moja linaweza kufika mara mbili ya kimo kilichotajwa.

Tukakaa siku mbili. Zamu ikapotea.

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo tulipoielewa hofu ya wazee wetu wa Toongabbie. Wengi wao hawapandi hata feri ya mtoni kutoka Parramatta. Ukiwauliza, watakutajia majina mawili: MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika upepo mkali na mawimbi makubwa ya kusi. Mamia walikufa katika ajali hizo mbili. Mtu aliyepoteza nduguye humo huwezi kumwambia kwamba bahari ni matembezi.

Lakini yule mzee wa Pemba hakutukataza. Alitaka kujua kama anayetuongoza ni mtu wa kusubiri. Pale Percy tulipata jibu la kumpelekea.

Je, mtarudije?

Sisi watatu tulirudi kwa ndege. Lakini mashua hairudi kwa ndege, na upepo uliokusukuma miezi mitatu utakuwa usoni mwako. Wanaoshupaa kurudi Julai hupigwa na maji siku nzima wakapata maili chache. Wenye busara hungoja. Kuanzia Septemba kusi hupungua nguvu na pepo za kaskazini huanza kuvuma. Ule mkondo wa bahari uliokuwa adui wakati wa kwenda sasa unaisukuma mashua nyumbani. Hata nyangumi hurudi wakati huo na watoto wao.

Wala huwezi kungoja mno. Vimbunga vya Queensland vina msimu wake, kuanzia Novemba hadi Aprili, na makampuni mengi ya bima hayataki chombo kibaki huko kipindi hicho. Tarehe 28 Machi 2017 kimbunga Debbie kilitua karibu na Airlie Beach, na mashua nyingi zilisukumwa nchi kavu au kuzama. Mlango wa kurudi uko wazi wiki chache tu.

Haya si mageni kwetu. Majahazi ya Arabuni yalikuja Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi, na nahodha aliyechelewa alikwama. Mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, aliyezaliwa Melbourne mwaka 1903, alikwenda kujifunza elimu hiyo kwa wenyewe. Desemba 1938 alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akafika Zanzibar na delta ya Rufiji walikopakia boriti za mikoko. Walirudi kusi ilipoanza, wakafika Kuwait katikati ya mwaka 1939. Safari hiyo aliiandika katika kitabu chake Sons of Sinbad. Basi Mwaustralia alikuja kwetu kusoma pepo, nasi leo watoto wetu wa Toongabbie hawajui tofauti ya kusi na kaskazi.

Kwa wanaotaka kujaribu, tunashauri mambo machache. Nendeni kwanza na mtu anayejua, kwa kipande kifupi. Vaeni maboya ya kujiokolea, si kuyalalia. Ukivuka maili 2 za bahari kutoka pwani ya New South Wales, sheria inataka uwe na kile kifaa cha dharura kinachotuma ishara kwenye satelaiti. Waarifuni kwa redio wale wa kujitolea wa Marine Rescue NSW unakokwenda na saa utakayofika. Na zaidi ya yote, msimpe nahodha tarehe ya kurudi.

Tulipokwenda kumsalimia mzee wetu tulimpelekea picha. Pale Percy kuna banda ambamo mabaharia huacha vibao vyenye majina ya vyombo vyao. Nasi tuliacha chetu, tumeandika: "Tezi na omo, Toongabbie." Nahodha alituuliza maana yake, tukamwambia kwamba hata uende tezi au omo, marejeo ni ngamani.

Mzee aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe yuko huku miaka mingi, na kila mwaka husema atarudi Pemba mwaka ujao. Akaturudishia picha, akasema: "Mmejua kungoja. Lakini msingoje mpaka msimu ukapita."