Wakili wa Serikali ni wakili wa nani?

Watu wengi vijijini wanamjua polisi, na hakimu wanamjua. Lakini mahakamani yuko mtu mwingine. Amevaa suti nyeusi, ana majalada mezani, na kesi ikitajwa anasimama na kusema kwamba anawakilisha Jamhuri. Huyu ni nani? Wengine husema ni wakili wa marehemu. Wengine husema ni polisi aliyevaa kiraia. Wote hawajapata.

Huyu ni Wakili wa Serikali. Kazi yake ni kuendesha mashtaka ya jinai, yaani mashtaka ya makosa kama wizi, kujeruhi, kubaka na kuua. Amesoma sheria chuo kikuu, na tangu mwaka 2008 wahitimu wa sheria hupitia pia shule ya kujifunza uwakili kwa vitendo. Akikaa kazini miaka mingi hupanda cheo akawa Wakili wa Serikali Mwandamizi, halafu Wakili wa Serikali Mkuu. Hao waandamizi ndio hupewa kesi nzito, na ndio huwakagua vijana.

Mkubwa wao wote ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Huteuliwa na Rais. Mwaka 2005 cheo hiki kiliingizwa katika Katiba, ibara ya 59B. Katiba inasema mkurugenzi huyu ni huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na aangalie mambo matatu: kutenda haki, kuzuia taratibu za haki zisitumiwe vibaya, na maslahi ya umma. Mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilitengwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ikasimama peke yake.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme bibi kizee amekatwa mapanga usiku, akafa. Watu wananong'ona kwamba ni habari za uchawi. Polisi wanawakamata vijana wawili. Je, kesi hii ni ya nani?

Watoto wa marehemu watasema, "Ni kesi yetu." La. Kwenye karatasi imeandikwa Jamhuri dhidi ya washtakiwa. Maana yake ni kwamba aliyeuawa ni mmoja wetu, na nchi nzima ndiyo inayodai. Kwa hiyo wazee wakikaa, ng'ombe wakilipwa, na watu wakala pamoja, kesi haijafutika. Ugomvi mdogo, kama kupigana makofi, mahakama inaweza kuruhusu watu wapatane. Kuua hakupatanishwi. Mwenye uwezo wa kuiondoa kesi ya namna hii mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka, siyo ukoo.

Jambo la pili linalowaudhi watu ni kalenda. Washtakiwa wanaletwa kwa hakimu wilayani, shtaka linasomwa, wanaambiwa wasijibu kitu, wanarudishwa rumande. Kila wakirudi wanaambiwa upelelezi haujakamilika. Basi watu husema hakimu amekula kitu. Huenda siyo hivyo. Hakimu yule hana uwezo wa kusikiliza kesi ya mauaji. Hiyo ni kazi ya Mahakama Kuu. Anachofanya ni kuitunza mpaka jalada likamilike. Lakini tuseme kweli: upelelezi unaochukua miaka ni mzigo kwa kila mtu. Mashahidi wanahama, wengine wanakufa. Na mshtakiwa wa mauaji hana dhamana. Kama hana hatia, anaozea ndani bure.

Polisi wakimaliza, jalada linakwenda kwa Wakili wa Serikali. Hapa ndipo kazi yake kubwa ilipo, na wananchi hawaioni, kwa sababu hufanyika mezani. Husoma kila ukurasa na kujiuliza: nani aliona? Aliona kwa taa gani? Panga lililookotwa lilipita mikono ya nani mpaka kufika hapa, na je, kila aliyelishika ameandikwa? Kifo hiki kilikusudiwa, au watu waligombana tu kilabuni? Kama kilikusudiwa, shtaka ni la kuua kwa kukusudia, na adhabu yake katika sheria ni kunyongwa. Kama hakikukusudiwa, ni kuua bila kukusudia, na adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Na kama ushahidi hautoshi, wakili anapaswa kusema hautoshi, hata kama kijiji kizima kinapiga kelele. Hiyo ndiyo sehemu ngumu. Kumfunga mtu asiyehusika si ushindi kwake.

Mahakamani, mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri. Mshtakiwa hadaiwi kuonyesha kwamba hana kosa. Shaka ya maana ikibaki, anaachiwa. Ndiyo maana shahidi huulizwa maswali yanayoonekana ya kipuuzi. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mtu akidai amemtambua mwingine usiku, ni lazima iangaliwe alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na kama alimfahamu zamani. Kwa hiyo usiseme tu, "Nilimwona." Koroboi au mbalamwezi? Ilikuwa hatua ngapi? Alikuwa anakuelekea, au amekupa mgongo?

Tena, ukimtambua mtu, mtaje mapema. Mwambie mwenyekiti usiku uleule, mwambie polisi wa kwanza kufika. Ukinyamaza mwezi mzima, halafu ukamtaja, wakili wa mshtakiwa atauliza ulikuwa unangoja nini, na jaji naye atajiuliza.

Polisi wakiandika maelezo yako, wewe sasa unajua kusoma. Yasome kabla ya kutia sahihi. Wameandika Juma na wewe umesema Jumanne? Waambie warekebishe. Siku ya kesi maneno yako yatalinganishwa na karatasi ile.

Wengine huogopa kwenda kwa sababu wako peke yao. "Mimi mmoja nitafaa nini?" Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 haitaji idadi ya mashahidi. Mmoja mkweli anaweza kutosha. Lakini huyo mmoja asipofika, jalada zuri namna gani halisemi lenyewe, na Wakili wa Serikali hana la kufanya ila kumwomba jaji siku nyingine. Kama unaogopa kutishwa, au huna nauli, mwambie mapema wakili au askari aliyekuletea wito.

Na ikiwa washtakiwa wameachiwa? Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kukata rufaa. Taarifa ya kusudio hilo hutolewa katika siku 30. Kwa upande mwingine, aliyefungwa naye hukata rufaa, na hutokea Wakili wa Serikali akasimama mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufani na kukubali kwamba huyu amefungwa kwa ushahidi dhaifu, aachiwe. Watu wakisikia hivyo hudhani amehongwa, kumbe anaweza kuwa anafanya kazi ileile aliyoajiriwa kuifanya.