Seva Ndogo ya Nyumbani: Njia Nafuu ya Kutunza Faili za Familia Bila Kuongeza Sana Bili ya Umeme

Picha za harusi, vyeti vya watoto, risiti za karo, rekodi za chama na nakala za hati za shamba sasa hukaa ndani ya simu. Simu hiyo ikiibwa, ikianguka majini au ikikataa kuwaka, kumbukumbu za miaka mingi hupotea kwa siku moja. Karatasi nazo si salama zaidi. Mafuriko ya kati ya Machi na Mei 2024 yaliwakumbusha Wakenya kwamba nyumba ikisombwa, kabati la vyeti huenda nayo.

Wako wanaotegemea hifadhi ya mtandaoni, na ni njia nzuri. Hata hivyo, ina mipaka. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na tangu Juni 1, 2021 picha mpya zinazohifadhiwa huko huhesabiwa ndani ya kiasi hicho pamoja na barua pepe. Kwa picha za megabaiti 4 kila moja, nafasi hiyo hujaa kabla ya kufika picha 4,000. Baada ya hapo mtumiaji hulipa kila mwezi, na kupandisha au kushusha faili hula bando.

Ipo njia nyingine ambayo familia, chama au duka dogo linaweza kuimudu: seva ya faili ya nyumbani. Makala haya yanaeleza seva hiyo ni nini, inakula umeme kiasi gani, na jinsi ya kuiunda bila kutumia pesa nyingi.

Seva ni nini hasa

Neno seva huwafanya wengi wafikirie vyumba vyenye baridi kali vya benki na kampuni za simu. Kwa kweli, seva ni kompyuta yoyote ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta nyingine. Seva ya faili ya nyumbani ni kompyuta ndogo iliyounganishwa na diski upande mmoja na ruta upande wa pili. Simu na kompyuta za nyumba hiyo huifikia kupitia waifai, zikaweka faili humo na kuzichukua zinapohitajika.

Kwa kuwa faili husafiri ndani ya nyumba pekee, hazitumii bando. Hata malipo ya intaneti yakiisha, mradi ruta imewashwa, familia bado itafungua picha na nyaraka zake.

Umeme ndio gharama iliyojificha

Wengi huangalia bei ya kompyuta dukani na kusahau tokeni. Seva inaweza kukaa imewashwa usiku na mchana, hivyo tofauti ndogo ya wati huwa kubwa mwezi ukiisha. Hesabu yake ni rahisi: zidisha wati kwa saa inazowaka kwa siku, zidisha kwa siku 30, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti za mwezi.

Kompyuta kuukuu ya mezani inayokula wati 70 itatumia uniti 50.4 kwa mwezi. Laptopu ya zamani pamoja na diski, zikila wati 12, zitatumia uniti 8.6. Kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi pamoja na diski ndogo, zikila wati 6, zitatumia uniti 4.3.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi kwa nyumba zenye matumizi madogo. Wateja wa nyumbani wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kwa kila uniti kuliko wanaopita kiwango hicho. Nyumba inayotumia uniti 25 ikiongeza kompyuta ya mezani itafika uniti 75, na bei ya kila uniti itapanda. Ikiongeza laptopu iliyowashwa saa 24, itafika uniti 33 na zaidi, na bado itavuka mpaka. Ikiongeza kompyuta ndogo ya wati 6, itabaki chini ya 30.

Hata mwenye laptopu ana njia. Familia nyingi hazihitaji seva saa nane za usiku. Laptopu hiyo hiyo ikiwashwa saa sita tu kwa siku, kuanzia jioni, itatumia takriban uniti 2.2 kwa mwezi.

Mashine tatu za kuchagua

Ya kwanza ni laptopu ya zamani. Mara nyingi hii ndiyo nafuu kuliko zote kwa sababu tayari imo nyumbani. Si neno ikiwa kioo kimepasuka au vitufe kadhaa vimeng'oka, mradi inawaka na inaweza kuunganishwa na kioo na kibodi za kuazima siku ya kuitayarisha. Faida yake kubwa ni betri. Umeme ukikatika, haizimiki papo hapo. Lakini betri iliyovimba ni hatari ya moto. Iondolewe na ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, isitupwe jalalani.

Ya pili ni kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika, zile zenye ukubwa wa kitabu kinene, ambazo huuzwa na wauzaji wa kompyuta kuukuu mijini. Nyingi hula kati ya wati 6 na 15 zisipokuwa na kazi nzito. Ni imara na zina sehemu ya kuchomeka waya wa mtandao. Mnunuzi aombe iwashwe mbele yake na ahakikishe chaja yake ipo.

Ya tatu ni Raspberry Pi, kompyuta iliyoundwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2012, yenye ukubwa wa kitambulisho. Ndiyo inayokula umeme kidogo zaidi. Hata hivyo, mnunuzi akumbuke kwamba bei ya kompyuta yenyewe si bei ya kila kitu: atahitaji chaja inayofaa, kadi ya kumbukumbu na kasha. Chaja ya simu isiyo na nguvu ya kutosha huifanya izimike ovyo na inaweza kuharibu faili.

Kwa vyovyote vile, nguvu nyingi hazihitajiki. Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za umri huo haziwezi kupokea Windows 11. Kompyuta kama hizo bado zinatosha kabisa kuwa seva, kwa sababu seva hutumia mfumo mwingine. Kompyuta yenye prosesa ya biti 64 na gigabaiti 2 za RAM inaiweza kazi hii.

Diski: hapa usibahatishe

Kompyuta inaweza kuwa kuukuu, lakini diski ya kutunzia faili ni vyema iwe mpya. Kompyuta ikiharibika, hununuliwa nyingine na diski ikahamishiwa huko. Diski ikifa, faili hufa nayo.

Diski ndogo ya nje ya inchi 2.5 inatosha nyumba nyingi. Hupata umeme wake kupitia waya wa USB na hula takriban wati 2 hadi 3. Diski kubwa za inchi 3.5 huhitaji chaja yake na hula wati 6 au zaidi zikizunguka. Terabaiti moja ni gigabaiti 1,000, nafasi ya picha 250,000 za megabaiti 4 kila moja.

Wakazi wajihadhari na flashi na diski bandia. Ziko zinazouzwa kwa bei ya kushangaza zikidai kuwa na terabaiti 2, ilhali ndani yake mna gigabaiti chache tu. Kompyuta huonyesha ukubwa wa uongo, faili huonekana kuingia, na mwenyewe hugundua hasara anapotaka kuzifungua. Programu za bure kama H2testw, kwa kompyuta za Windows, hujaza diski yote na kuisoma upya ili kuonyesha ukweli. Kipimo hicho kifanywe kabla ya kuweka faili yoyote ya maana, na risiti itunzwe.

Hatua za kuiunda

1. Faili zote zilizo kwenye kompyuta kuukuu zinakiliwa kwingine kwanza, kwa sababu kuweka mfumo mpya hufuta kila kitu kwenye diski ya ndani.

2. Kwa laptopu au kompyuta ya ofisi, mfumo wa OpenMediaVault unapakuliwa na kuandikwa kwenye flashi. Ni programu ya bure iliyojengwa juu ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Raspberry Pi ina utaratibu wake: mfumo wake wenyewe huwekwa kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha OpenMediaVault juu yake.

3. Kompyuta inaunganishwa na ruta kwa waya, inawashwa kutoka kwenye flashi na maagizo ya kioo yanafuatwa. Diski mpya ya faili ni afadhali ichomekwe baada ya hatua hii, ili mfumo usije ukawekwa humo kimakosa.

4. Mfumo ukishawekwa, kioo na kibodi havihitajiki tena. Seva huendeshwa kutoka kompyuta nyingine kwa kuandika anwani yake, kwa mfano 192.168.1.20, kwenye kivinjari. Nywila iliyokuja na programu ibadilishwe papo hapo.

5. Diski ya faili inatayarishwa, folda zinaundwa, na kila mtu anafunguliwa akaunti yake. Folda ya picha inaweza kuwa ya wote, lakini ya rekodi za chama iwe ya katibu na mweka hazina pekee.

6. Huduma ya SMB inawashwa. Hii ndiyo lugha inayoziwezesha Windows, simu na seva kuelewana. Programu ya Files ya iPhone inaielewa. Simu nyingi za Android huhitaji programu ya kusimamia faili inayoielewa.

Ikiwa ni laptopu, iwekewe agizo la kutolala kifuniko kinapofungwa. Pia ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na vumbi, wala si ndani ya kabati lililofungwa.

Nakala moja si nakala

Kosa kubwa ni kuhamishia faili zote kwenye seva, kuzifuta kwenye simu, kisha kulala usingizi. Faili iliyo mahali pamoja tu, hata kwenye diski bora, bado iko hatarini. Hata diski mbili zinazoigana ndani ya seva moja hazitoshi: mtoto akifuta folda, inafutika kote kuwili, mwizi akibeba seva, amebeba zote.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida, nakala ya kwanza ni ya simu, ya pili ni ya seva, na ya tatu ni diski ya nje inayojazwa mara moja kwa mwezi na kuwekwa kwa ndugu anayeaminika. Diski hiyo ifungwe kwa nywila ili ikipotea isisomwe na yeyote. Mara kwa mara, faili chache zifunguliwe ili kuhakikisha zinasomeka.

Umeme kukatika ghafla wakati faili inaandikwa kunaweza kuiharibu. Asiyetumia laptopu anaweza kununua UPS ndogo itakayoshikilia seva hadi izimwe kwa utaratibu.

Ulinzi na taarifa za watu wengine

Seva ya nyumbani haina sababu ya kufunguliwa kwa dunia nzima. Milango ya ruta iachwe imefungwa, nywila ya waifai isigawiwe ovyo, na masasisho ya mfumo yawekwe kila yanapotolewa.

Anayehifadhi rekodi za chama, kanisa, msikiti au biashara ana jukumu zaidi. Nambari za vitambulisho, nambari za simu na michango ya wanachama ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezihifadhi azilinde na azitumie kwa kazi iliyokusudiwa tu.

Vilevile, picha ya hati haichukui nafasi ya hati yenyewe. Hati miliki, cheti cha kuzaliwa na cheti cha mtihani bado vinahitajika katika hali yake halisi. Faida ya nakala ni kwamba hati ikipotea, mwenyewe atafika ofisi husika akiwa na nambari zake zote badala ya kuanza kuzitafuta.

Pa kuanzia

Si lazima kila kitu kinunuliwe kwa mpigo. Mwenye laptopu kuukuu anaweza kuanza na diski moja mwezi huu, na kununua ya pili pesa zikipatikana. Ambaye hawezi kununua hata moja kwa sasa anaweza angalau kukili vyeti na rekodi muhimu kwenye flashi iliyopimwa na kuikabidhi kwa jamaa. Wasiozoea kompyuta wanaweza kuomba msaada wa vijana waliosomea kompyuta katika vyuo vya ufundi vya wadi zao, mradi mwenye seva aandike nywila mwenyewe na asimwachie fundi.