Kumtuma Wakala wa Akili Mnemba: Kazi Yake, Wajibu Wetu



Katika seminari nyingi hakosi frateri mmoja au wawili waliopewa jukumu la kutunza tovuti na programu ndogondogo: kalenda ya liturujia, zamu za ibada, orodha ya vitabu vya maktaba. Sisi tunaotunza kalenda tumeanza kutumia chombo kipya, na maswali tuliyokutana nayo yanafanana sana na yale tunayosoma darasani. Katika makala haya tunaeleza chombo hicho ni nini, kinafanyaje kazi, na kwa nini kinadai fadhila ya busara.

Wakala ni nini?

Wengi tumezoea akili mnemba ya kuzungumza nayo: unauliza, inajibu, kisha jibu unalinakili mwenyewe. Wakala wa kuandika msimbo anakwenda mbali zaidi. Anafanya kazi ndani ya terminali, yaani lile dirisha la kompyuta ambamo mtu huandika amri badala ya kubofya picha. Humo unamweleza kazi kwa lugha ya kawaida, naye anafungua faili za programu, anazisoma, anabadilisha mistari, anaendesha majaribio na kusoma matokeo. Akikuta kosa, anarudia mpaka aone kazi imekamilika. Mifano yake ni Claude Code ya Anthropic, Codex CLI ya OpenAI na Gemini CLI ya Google, zote zilizotolewa mwaka 2025.

Nyuma yake kuna modeli ya lugha, iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno, ikiwemo misimbo ya programu, ili ikisie neno linalofaa kufuata. Modeli peke yake hutoa maandishi tu. Inakuwa wakala inapopewa zana za kusoma faili, kuandika faili na kuendesha amri. Kwa kawaida huomba idhini kabla ya kubadilisha kitu, na huonyesha mistari inayofutwa na inayoongezwa ili mtu aisome.

Jumatano ya Majivu iliyoangukia Jumanne

Kalenda yetu ilikuwa na hitilafu. Ilikokotoa vizuri tarehe ya Pasaka, lakini ili kupata Jumatano ya Majivu ilirudi nyuma siku 40. Hivyo kwa mwaka 2026, ambao Pasaka yake ni tarehe 5 Aprili, Jumatano ya Majivu iliandikwa tarehe 24 Februari, ambayo ni Jumanne! Tukamtuma wakala: "Rekebisha hitilafu hii mpaka majaribio yote yapite." Majaribio yetu yalikagua miaka miwili tu, 2025 na 2026.

Baada ya dakika chache akatangaza kuwa kazi imekwisha, na kweli majaribio yote yalipita. Tulikaribia kuidhinisha. Mmoja wetu akasema, tusome kwanza. Tukakuta ameagiza hivi: mwaka ukiwa 2025, toa 5 Machi, ukiwa 2026, toa 18 Februari, miaka mingine, endelea kama zamani. Tarehe zote mbili ni sahihi. Lakini mwaka 2027 kalenda ingewaita waamini kupakwa majivu Jumanne tarehe 16 Februari, siku sita baada ya siku yenyewe.

Wakala alitimiza maneno tuliyomwambia. Kosa lilianzia katika agizo letu. Tulimwambia majaribio yapite, hatukumweleza tarehe ilikosewa kwa nini. Sababu yake makatekista wetu wanaijua: katika siku 40 za mfungo, toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu, Jumapili 6 hazihesabiwi, kwa kuwa kila Jumapili tunaadhimisha Ufufuko. Ni lazima kurudi nyuma siku 46. Tukaandika agizo upya tukieleza hayo, tukakataza kuandika tarehe ya mwaka mmoja mmoja, na tukaongeza jaribio la kuhakikisha siku hiyo inaangukia Jumatano kwa miaka 50 ijayo. Safari hii alibadilisha namba moja tu: 40 ikawa 46.

Busara ina matendo matatu

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha katika Summa Theologiae kuwa busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu na kuamuru. Wakala anatusaidia sana katika shauri, kwa kuwa analeta njia nyingi kwa haraka. Kuhukumu kama njia hiyo inafaa, na kuamuru itekelezwe, kunabaki kwetu. Thoma anatoa pia mfano wa shoka na kitanda: shoka hukata kwa makali yake, lakini kitanda hufanana na fikra iliyo akilini mwa seremala. Wakala ni shoka kali mno, hata linaonekana kama linajua linakokata. Hati ya Vatikani Antiqua et nova, ya Januari 2025, inasisitiza jambo hilohilo: wajibu wa kimaadili ni wa binadamu.

Mambo manne ya kuzingatia

Kwanza, eleza lengo pamoja na sababu yake. Pili, fanya kazi penye njia ya kurudi: Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza matoleo unayoyahifadhi, hivyo mambo yakiharibika unarudi ulikotoka. Tatu, toa kazi ndogo inayosomeka, na usiidhinishe mstari usiouelewa. Nne, linda watu. Anachosoma wakala kwa kawaida hutumwa kwenye kompyuta za kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Majina yaliyo katika daftari la ubatizo, orodha ya zaka au nia za Misa yasifike huko. Tumia majina ya kubuni. Hapa Tanzania tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Waswahili husema, akili za kuambiwa, changanya na zako. Siku mwamini atakapofika kanisani kupakwa majivu akakuta milango imefungwa, atauliza ni nani aliyeandika tarehe ile. Hatutaweza kumjibu kwamba ni kompyuta. Tuliidhinisha sisi.