Bega Linakuuma Ukiinua Mkono? Soma Hii Kabla Ukubali Operesheni

Wakulima Market hapa Nakuru, lori la waru kutoka Molo ama Mau Narok likiingia, kuna wasee hungoja hapo na mabega yao tu. Kanuni za 2019 zinasema gunia la waru lisipite kilo 50. Lakini wewe na mimi tunajua ule mfuko ulioshonewa kofia juu, na hakuna mtu huweka mizani kwa mgongo wa mbebaji. Fanya hiyo kazi miaka kadhaa, bega litaanza kuongea.

Na si wabebaji pekee. Fundi wa kupaka rangi silingi, msee wa nduthi aliyeanguka akajishika na mkono, mchezaji wa raga pale Nakuru Athletic Club, wote wanatumia kitu kimoja: rotata kafu.

Cheki, mpira wa nyonga umezama ndani ya shimo. Wa bega umekaa tu kwa kisahani kidogo. Kinachouzuia kuteleza ni misuli minne inayoushika pande zote, na kila msuli umefungwa kwa mfupa na kano. Ile ya juu, suprasipinatasi, ndio huumia zaidi, ju imepita kwa njia nyembamba chini ya mfupa wa bega. Ikichanika nusu, ni kama kamba ya katani iliyokatika nyuzi kadhaa: bado inavuta, lakini inalia.

Dalili unazijua. Ukiinua mkono kando, uchungu unashika ukikaribia usawa wa bega. Usiku huwezi lalia huo upande. Kama umeanguka na mkono umekataa kuinuka kabisa, hiyo ni ingine, enda hosi leo, usingoje wikendi ipite.

Watu wengi hukwama kwa picha. Unapigwa eksirei, unaambiwa mfupa uko poa, unarudi kejani kupakwa dawa ya kuchua. Manze, eksirei haionyeshi kano. Ni altrasaundi ama MRI ndio huonyesha.

Na hata ikionekana imechanika, kisu si kitu ya kwanza. Kawaida ni miezi mitatu hadi sita ya kupunguza mzigo na kufanya mazoezi ya fiziotherapia, yale ya kuchosha na mpira wa kuvuta. Wengi hupata nafuu hapo. Sindano ya steroidi hutuliza kwa muda, lakini ukidungwa mara kwa mara inaweza dhoofisha kano yenyewe.

Ikikataa, ndio tunaongea athroskopia. Unalazwa usingizi. Daktari anatoboa mashimo matatu hivi, kila moja halifiki sentimita 1 ama linazidi kidogo tu. Kwa moja anaingiza kamera nyembamba kama kalamu, maji ya chumvi yanapampiwa ndani ili nafasi ipanuke, na anafanya kazi macho yakiwa kwa skrini. Kano hiyo ina unene wa milimita 12 hivi. Kama kidonda hakijafika nusu, mara nyingi anasafisha tu nyuzi zilizochakaa. Ikipita nusu, anashona: anatoboa mfupa, anapanda nanga ndogo ya chuma, plastiki, ama ile huyeyuka mwilini, halafu uzi wake unapita kwa kano na kuivuta irudi kulala juu ya mfupa. Kuna madaktari huikata kabisa kwanza ndio washone upya. Inashangaza, lakini ni njia inayokubalika.

Sasa skiza hii. 2018, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza juu ya operesheni ya karibu na hii, ile ya kuchonga mfupa wa juu ya bega. Wengine walichongwa, wengine wakaingizwa kamera tu bila kuchongwa chochote. Nafuu yao haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Huo haukuwa utafiti wa kushona kano, usichanganye. Lakini daktari akikuambia “tutachonga mfupa kidogo”, una haki ya kumuuliza kwa nini.

Bei yenyewe iko baada ya tieta. Mkono unakaa kwa kitambaa cha shingo wiki nne hadi sita. Mazoezi ya nguvu yanaanza karibu mwezi wa tatu. Mzigo mzito, hesabu nusu mwaka hivi, wakati mwingine zaidi. Kwa msee wa ofisi hiyo ni usumbufu. Kwa msee wa Wakulima ni rent ya miezi sita. Ukirudi kwa gunia mapema, inaweza chanika tena. Bega pia linaweza ganda ukiogopa kulisogeza. Na fegi hupunguza uponaji, samahani.

Kwa hivyo anzia kliniki ya mifupa, kwa mfano Level 5, ile wazee bado huita PGH. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, so uliza mapema inalipa kiasi gani. Uliza kama bei uliyopewa ina nanga ndani, ama zinahesabiwa kando. Uliza ni mabega mangapi huyo daktari ameshona. Na uliza nani atakuelekeza mazoezi baadaye, ju fiziotherapia inaweza kuwa safari za kila wiki, na kutoka Kuresoi hiyo ni nauli ya kupangia.